Mama Pacha Anawasalimu

Mama Pacha aliondoka siku ya Jumanne, na mpaka Jumamosi mumewe alikuwa hajamwambia mtu. Si kwamba alikosa watu wa kuwaambia. Alikuwa nao kumi na watatu, wa kukutana nao saa moja asubuhi uwanjani, na wote wangevaa jezi alizozifua Mama Pacha mwenyewe.

Ilikuwa timu ya wazee. Kila Jumamosi walicheza na wazee wa mitaa mingine, wakafunga au wakafungwa, kisha wakakaa kwenye kivuli cha ukuta wa shule wakinywa chai na kubishana mpaka saa tano. Mwalimu ndiye aliyepanga mechi. Kinyozi alikuwa kapteni kwa sababu sauti yake ilifika goli la pili. Bucha, ambaye alikuwa na bucha yake sokoni, alicheza beki kwa kusimama tu, mwili wake ukafanya kazi iliyobaki. Mume wa Mama Pacha alidaka, na Kipa ndilo jina lililomganda hata kwenye kibanda chake cha kutengeneza friji. Wateja wengine hawakujua kama ana jina jingine.

Kazi ya kufua ilikuwa ya Mama Pacha, ingawa hakuna aliyempa. Miaka kumi na moja nyuma timu ilinunua jezi nyeupe, na baada ya mechi ya kwanza tu wanaume wakazitazama zilivyojaa udongo, wakaanza kusema ni heri wanunue nyingine nyeusi. Mama Pacha alikuwa mfuaji wa hospitali. Alibeba gunia zima, na Ijumaa zikawa nyeupe kama shuka la wodini. Damu aliitoa kwa maji baridi na chumvi. Udongo aliuacha ukauke kwanza, akausugua kwa brashi kabla haujaguswa na maji. Jasho la kwapani alilitoa kwa siki. Tangu hapo gunia lilikwenda kwa Kipa kila Jumamosi likiwa linanuka, likarudi Jumamosi nyingine likiwa limepangwa. Kipa alipolifungua uwanjani alisema, "Mama Pacha anawasalimu," nao wakaitika kwa pamoja, "Mwambie shemeji Mungu amzidishie." Bila maneno hayo hakuna aliyevaa.

Jumamosi ile ya kwanza gunia lilikuwa tayari, kwa kuwa alifua Jumatatu na kuondoka Jumanne. Kipa alilifungua.

"Mama Pacha anawasalimu," akasema.

"Mwambie shemeji Mungu amzidishie!"

Basi, uongo ukawa umeanza, na ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani.

Sababu alikuwa nayo. Wake za wale wanaume walikuwa marafiki wa mkewe, na mke wa Mwalimu ndiye aliyekuwa wa ndani kabisa. Wakijua, wangekaa waamue nani mwenye makosa, na Kipa hakuhitaji kusubiri uamuzi wao. Alikwisha kujua ni yeye. Mtu aliyeachwa na mke hawezi kukubali aachwe na Jumamosi pia. Watoto wao pacha walikuwa shule ya bweni. Nyumbani palibaki redio na bomba linalovuja, na kutoka Jumapili hadi Ijumaa waliomwita jina ni wenye friji mbovu.

*

Wiki ya pili alipeleka gunia kwa dobi. Hakwenda kwa dobi wa mtaani. Alitembea nusu saa mpaka mtaa ambao hakuna anayemfahamu, akalitua mbele ya mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

Dobi alitoa jezi moja, akainusa, akairudisha haraka.

"Hawa ni watu gani?"

"Timu ya mpira. Ya wazee."

"Hawana wake?"

"Wanao. Wamechoka."

"Hata mimi nimenusa mara moja tu, nimechoka," dobi akasema. Lakini akalichukua.

Dobi yule alikuwa na utaratibu wake. Ili nguo za mteja mmoja zisichanganyike na za mwingine, alishona uzi mdogo wa bluu ndani ya kola ya kila nguo. Kila Ijumaa jioni Kipa alikaa kitandani na wembe, akakata nyuzi kumi na nne moja baada ya nyingine, kisha akajaribu kuzikunja jezi kama alivyozikunja mkewe, namba juu, mikono ndani. Kukunja hakukuweza. Zilikaa kama mikate iliyokaliwa. Na wiki ya tatu, kwa haraka, uzi mmoja ulimpita. Ulikuwa kwenye kola ya namba tano, na namba tano ni Bucha.

Bucha aliuona alipokuwa anavaa. Aliuvuta kwa kucha, akautia mfukoni, akaingia uwanjani. Siku hiyo alicheza vibaya hata kwa kiwango chake.

*

Miezi minne ilipita hivyo. Kipa alibeba salamu asizotumwa, na wenzake wakazipokea kwa sauti kubwa. Wakati mwingine aliongeza chumvi. "Mama Pacha anasema acheni kujifutia pua kwenye mikono ya jezi." Au, "Mama Pacha ana mafua kidogo, lakini anawasalimu." Walicheka, wakauliza kama amepata dawa. Akasema amepata.

Kisha Jumamosi ya mwisho ya msimu Mwalimu alisimama ukutani na kikombe chake cha chai.

"Jumapili ijayo, saa nane mchana, kwangu. Kila mtu na mke wake. Miaka kumi na moja tumevaa usafi wa mtu mmoja na hatujawahi kumwambia ahsante tukiwa tumeoga. Kwa hiyo, Kipa, mlete shemeji."

"Ana zamu Jumapili," Kipa akasema.

"Nimeuliza hospitali. Hana."

Wote walitazama vikombe vyao. Kipa alidhani wanapoza chai.

*

Kipa alimkuta mkewe kwenye chumba alichopanga nyuma ya duka la dawa. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, bado ana sare ya kazi, mikono imekunjamana kwa maji. Kipa alipiga hodi mara mbili kama mgeni. Ndani palikuwa na godoro sakafuni, jiko, sanduku, na kiti kimoja. Mama Pacha alimpa kiti. Yeye alipindua ndoo akaikalia. Kipa aliona hilo, akataka kusimama, akaambiwa akae.

"Umekonda," Mama Pacha akasema.

"Nakula."

"Sikukuuliza kama unakula. Bomba?"

"Linavuja bado."

"Si ulilifunga kwa mpira?"

"Umekatika."

Walikuwa hawana ugomvi, na hilo ndilo lililomchosha Kipa zaidi. Angalau watu wanaogombana wana la kupatana. Akaeleza shida yake: kwa Mwalimu, Jumapili, kila mtu na mke.

"Nakuomba saa mbili tu, Mama Pacha. Tuingie pamoja, tule, tutoke pamoja. Tukifika njia panda kila mtu ashike yake."

"Halafu Jumapili nyingine?"

"Nyingine tutaiona ikifika."

"Ndivyo ulivyosema moyoni hata kuhusu kile kiwanja."

Kiwanja walikinunua wote wawili, kwa mshahara wa mkewe wa kufua na pesa za Kipa za friji, wajenge pacha wakimaliza shule. Kipa alikiuza ili asifukuzwe kibandani kwa deni la kodi. Alikusudia kumwambia mkewe wakati mzuri. Marafiki zake aliwaambia Jumamosi ya wiki ileile, ukutani, kwa sababu pale maneno yalimtoka yenyewe. Wiki moja baadaye Mama Pacha alikwenda kununua nusu kilo ya nyama, na Bucha, huku akipima, akamwambia, "Shemeji, poleni na kiwanja."

"Nilisimama pale na nyama yangu mkononi," Mama Pacha akasema, "nikamjibu Bucha 'tumeshapoa.' Nikawa nakufichia siri ambayo sikuambiwa. Miaka kumi na tisa, Baba Pacha. Kila habari yako naipata kwa watu. Ulipoumia bega, niliambiwa na Kinyozi. Ulipotaka kuacha friji uende kwenye meli, niliambiwa na mke wa Mwalimu, na tayari ulikuwa umeghairi."

"Nimekosa."

"Najua. Sasa sikiliza. Wanajua."

"Nani?"

"Wote. Bucha alikuta uzi wa dobi kwenye kola yake wiki ya tatu tu. Alikuja mpaka getini hospitali na aproni yake imejaa damu, mlinzi akamkimbilia na machela. Akaniuliza, 'Shemeji, ni mdomo wangu?' Mke wa Mwalimu anakuja hapa kila Alhamisi, anakaa hapo ulipokaa. Mwaliko wa Jumapili ninao tangu wiki mbili zilizopita."

Kipa alihesabu Jumamosi zake kichwani.

"Na kila wiki wananijibu Mungu amzidishie shemeji."

"Kwa sauti kubwa. Kinyozi kanisimulia. Hata mafua yangu nimeyasikia."

"Wananicheka?"

"Wangekucheka ningekwenda kuwavua zile jezi hapohapo uwanjani." Mama Pacha alisema kwa hasira ya kweli, kisha akatulia. "Hawakucheki. Wanakusubiri useme. Hata mimi nilikusubiri. Tofauti ni kwamba mimi nilisubiri nikiwa kitanda kimoja na wewe."

Akamsindikiza mpaka mlangoni.

"Jumapili nitakuja kwa miguu yangu," akasema. "Nitakusalimia kama ninavyowasalimia wengine. Lakini ukisema hata mara moja kwamba nawasalimu, nitabeba mkoba wangu niondoke, na kila mtu ataona."

Njiani Kipa alipata tumaini ambalo hakuwa nalo wakati wa kwenda. Kama kosa lake ni kutosema, basi atasema. Atasema mbele ya wote, mkewe akiwa amekaa hapo anasikia, na huenda akarudi. Alirudia maneno njia nzima mpaka mtu mmoja akamuuliza kama amepotea.

*

Kwa Mwalimu viti vilikuwa vimeazimwa shuleni, vile vya wanafunzi, na wanaume wa miaka hamsini walikaa magoti yakigusa videvu. Bucha alikaa juu ya viwili. Kipa alipoingia peke yake kila mtu alianza kuzungumza kwa wakati mmoja.

"Shemeji yuko nyuma?" akauliza Kinyozi, ambaye alijua vizuri kwamba hayuko.

"Anakuja," Kipa akasema, na kwa mara ya kwanza katika miezi minne lilikuwa neno la kweli.

Alikuja. Alivaa gauni ambalo Kipa hakulifahamu. Wanawake walisimama wote, na Kipa akaona namna walivyosimama, akaelewa kwamba hawa walikuwa wanaonana naye siku zote. Mama Pacha alizunguka akipeana mikono. Alipofika kwake alimpa mkono kama wengine, akauliza habari za kazi, akaenda kukaa kati ya mke wa Mwalimu na Bucha. Kiti kilichokuwa kando ya Kipa kilibaki kitupu. Mke wa Mwalimu alikiwekea sinia la vikombe ili kisionekane kitupu, na hapo ndipo kilipoonekana zaidi.

Walikula. Wanaume walisifu chakula kupita kiasi. Kisha Kinyozi akapiga kijiko kwenye glasi, akasimama.

"Ndugu zangu, mimi si msemaji."

"Tangu lini?" Bucha akasema.

"Nyamaza, namba tano. Tuko hapa kwa ajili ya jezi. Na jezi ni mtu. Kipa hapa anaweza kutueleza, maana yeye ndiye anayekaa na shemeji, kila siku anamwona anavyo..."

Akakwama. Mdomo wake ulibaki wazi, na ile sauti iliyofika goli la pili haikufika hata mezani. Mwalimu alifuta miwani ambayo ilikuwa safi. Mtu mmoja akakohoa. Mama Pacha alitazama mikono yake.

Kipa akasimama, na kile kiti kidogo kikasimama naye, kimemkaba makalio. Ilibidi Mwalimu amsaidie kukivua.

"Hakai na mimi," Kipa akasema. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yamekwenda zake. "Mama Pacha hakai na mimi. Ni miezi minne. Zile salamu nilizitunga mwenyewe. Na mafua pia."

Bucha akaweka kijiko chini.

"Najua mnajua. Lakini nilikuwa sijasema, kwa hiyo nasema. Kiwanja kilikuwa chetu wawili, nikakiuza kama changu. Halafu nikaja kuwaambia nyinyi, na yeye sikumwambia. Nilimwogopa. Nyinyi sikuwaogopa kwa sababu hamkuwa mnaishi nyumbani kwangu. Ndiyo hivyo." Akatafuta la kumalizia. "Jezi anafua dobi."

"Tunashukuru kwa taarifa," Mwalimu akasema, kwa mazoea tu ya vikao vya shule, na mkewe akampiga kofi la bega. Mtu akacheka, kisha wote wakacheka, hata Mama Pacha akaziba mdomo kwa kiganja. Bucha peke yake hakucheka. Alikuwa analia waziwazi, mashavu yake makubwa yamelowa.

"Ni mimi," akasema. "Nyumba yako nimeivunja mimi kwa huu mdomo, Kipa, nikiwa napima nusu kilo."

"Mdomo ulikuwa wako," Kipa akamwambia. "Kiwanja nilikiuza mimi. Futa uso, unatisha watoto."

Kinyozi alipopata sauti yake alitoa tangazo lililobaki. Kuanzia msimu ujao kila mwanamume atafua jezi yake mwenyewe, kwa mikono yake, na atakayempa mkewe atakaa benchi mechi tatu. Na Mama Pacha wamemtengenezea kiti cha kukaa, cha mbao na mto, chenye mikono na mgongo, kwa sababu wote waliokwenda kumtembelea wameona anavyokalia ndoo. Mama Pacha alisema ahsante mara moja tu. Kipa alimfahamu: zaidi ya hapo angelia.

*

Kipa alimkuta mkewe nyuma ya nyumba, kwenye bomba, ananawa mikono. Mwalimu alikuwa na bomba lisilovuja.

"Nimesema," Kipa akasema.

"Nimesikia. Umesema vizuri."

"Basi?"

"Basi nini?"

"Basi rudi nyumbani, Mama Pacha."

Alijifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja, kama alivyofanya kila jioni alipotoka kazini.

"Leo nimepata habari yako kutoka kwako," akasema. "Nimefurahi. Wallahi nimefurahi, hata moyo umenidunda. Lakini nimefurahi kama walivyofurahi wale mle ndani. Nimejichunguza kama kuna kingine. Nimetafuta, Baba Pacha, si kwamba sikutafuta. Hakipo."

Kipa aliitikia kwa kichwa. Aliitikia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Pacha nitawaambia mimi," akasema mwishowe. "Wakifunga shule. Nitawaambia mwenyewe."

"Hilo litawasaidia." Alimgusa mkono, ule wenye bega bovu. "Na Jumapili ijayo nitakuja kuchukua kitanda. Sakafu inaniumiza mgongo."

"Hakipiti mlangoni mpaka kifunguliwe."

"Basi kifungue."

"Nitakifungua."

*

Jumapili waliyokubaliana, wenzake watatu wa timu walikuja bila kuitwa. Kinyozi alikuja na mkokoteni wa kuazima, Mwalimu na kamba, Bucha na mikono yake. Kipa alikuwa tayari ameshafungua kitanda, skrubu zote amezitia kwenye soksi ili zisipotee. Wake za Mwalimu na Bucha walikuwa upande wa pili na Mama Pacha, wakifagia chumba.

"Shika huku!" Kinyozi alifoka. "Bucha, hilo ni kabati, si ng'ombe, usilikumbatie!"

"Kaa mbele usukume, kapteni. Umezoea kusimama katikati na kunyoosha vidole."

Kipa alishika pembe ya kabati upande wa bega zima. Majirani walitoka milangoni kutazama. Mmoja akauliza, "Mnahama?" na Kipa akamjibu mwenyewe, kabla ya yeyote kumsemea, "Mke wangu ndiye anahama. Mimi nabaki." Jirani akasema pole. Kipa akasema ahsante.

Kwa Mama Pacha walifunga kitanda, Kipa akiwa chini anakaza, wengine wakimulika na kumkosoa. Kilienea. Mama Pacha alikaa kwenye kiti chake kipya, wao wakakaa kitandani wanne, safu moja, wakanywa chai. Kipa alikaa pembeni, karibu na ukuta. Alipomaliza kikombe Mama Pacha akamuuliza kama aongezewe, kama anavyoulizwa mgeni yeyote, naye akasema inatosha.

Walikwenda safari tatu. Ya kwanza ilichukua kitanda na godoro kubwa. Ya pili kabati, cherehani na sanduku la nguo za pacha za utotoni. Ya tatu sufuria tano, pasi, mapazia ya chumba cha mbele na picha moja kati ya mbili za ukutani. Kwa Kipa ilibaki meza, viti viwili, redio, picha moja, godoro la pacha mmoja na misumari minne ya mapazia. Walianza saa nne asubuhi wakamaliza saa saba kasorobo. Kuitoa miaka kumi na tisa kulichukua saa mbili na dakika arobaini na tano, kwa watu wanne.